Shajara ya mradi wa Ajax: gari la deraya lililokwama kwenye kiti cha dereva

Shajara hii inafuata mradi wa Jeshi la Nchi Kavu la Uingereza wa kupata gari jipya la deraya la upelelezi, la minyororo, kuchukua nafasi ya magari yaliyoingia kazini miaka ya 1970. Tunaiweka kwa ajili ya wahandisi, maofisa ununuzi na mafundi watakaopewa kazi ya namna hii katika jeshi lolote. Hatua zilizokwenda bila tatizo tumezipitisha haraka, palipoharibika tumekaa. Fedha zote ni pauni. Penye neno "hesabu yetu" ni kukokotoa kwetu kwa kalamu, si kipimo rasmi cha mradi.

2004 hadi Desemba 2008: uzito usiokubali kushuka

Gari la kurithiwa ni Scimitar: bodi ya alumini, tani 8 hivi, mzinga wa milimita 30 unaolishwa kwa klipu za risasi tatu tatu, na usio na kidhibiti cha kuutuliza gari likitembea. Ni jepesi, linapita kwenye tope na madaraja ya vijijini, lakini bomu la kutegwa barabarani linalimaliza.

Mradi uliokuja kulirithi uliitwa FRES. Sharti lake la mwanzo lilikuwa gari liingie ndani ya ndege ya C-130, ambalo kwa hesabu ya wakati ule lilimaanisha tani 17 hivi. Sharti hilo ndilo lililoula muda. Vita vya Iraki vilionyesha kwamba sakafu ya kuhimili bomu la chini, pamoja na ubavu wa kuhimili roketi ya bega, havikai kwenye tani 17 hata ukifanyaje. Kila mchoro mpya ulirudi na tani zaidi, na kila mara sharti la ndege lilishikiliwa kwanza kabla ya kuachwa.

Mwaka 2007 magari matatu ya magurudumu yalishindanishwa: VBCI, Boxer na Piranha V. Piranha V likatangazwa mshindi wa muda Mei 2008. Kabla mwaka haujaisha mpango ukawekwa kando, na nguvu zikahamishiwa gari la minyororo.

Kwa anayeiga: sharti la usafirishaji liandikwe mwisho, baada ya deraya, injini, watu na risasi kupewa kilo zao. Ukianza na mlango wa ndege, utalipia michoro ya miaka mitano kisha uuache mlango wenyewe.

Machi hadi Julai 2010: bodi ya kuazima

Machi, gari la ASCOD SV la kampuni ya General Dynamics UK lilichaguliwa dhidi ya CV90 la BAE Systems. Julai mkataba wa hatua ya maonyesho ulitiwa saini: pauni milioni 500 kwa magari saba ya mfano.

Hoja ya kuchukua ASCOD ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Gari tayari lilikuwepo, Hispania wakiliita Pizarro na Austria wakiliita Ulan, kwa hiyo kazi ilionekana kuwa ya kurekebisha tu. Hapa ndipo mzizi wa tatizo ulipo, na tunaomba msomaji apunguze mwendo.

Ulan lina tani 28 hivi. Gari la Waingereza lilipangiwa tani 38, na nafasi ya kukua hadi tani 42. Yote yana magurudumu saba kila upande, yaani 14. Hesabu yetu: kwenye Ulan kila gurudumu linabeba tani 2.0, kwenye tani 38 linabeba 2.7, kwenye tani 42 linabeba 3.0. Nusu nzima imeongezeka juu ya kila mkono wa gurudumu. Ukibeba nusu zaidi unabadilisha springi, shokomzoba, bushi, bampa za kugongea, upana wa mnyororo, sproketi (gurudumu la meno linalozungusha mnyororo), giaboksi na maunti za injini, yaani vishikizo vyake. Ukishabadilisha hivyo vyote, ulichobaki nacho cha gari la zamani ni umbo.

Injini iliyowekwa ni MTU V8 ya kilowati 600, karibu nguvu farasi 800, ikiunganishwa na giaboksi ya Renk. Hesabu yetu: kilowati 15.8 kwa tani kwenye tani 38, na 14.3 kwenye tani 42. Nguvu inatosha. Injini haikuwa tatizo la mradi huu kwa upande wa kasi.

Springi ni za rodi za kujisokota: fimbo za chuma zinazolala chini ya sakafu kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, mkono wa gurudumu ukipanda fimbo inajisokota. Ni rahisi kutunza, hazivuji mafuta, zinavumilia miaka. Kasoro yake ni kwamba zimefungwa moja kwa moja kwenye bodi, na kila kinachopigwa na gurudumu kinafika sakafuni bila kizuizi cha maana. Wajerumani kwenye Puma, gari lao la deraya la minyororo, walikwenda njia nyingine: springi za gesi na mafuta, na mfumo mzima wa magurudumu umetenganishwa na bodi kwa makusudi ya kupunguza kelele na mtetemo. Gharama yake ni uzito, nafasi na sili za kubadilishwa. Uchaguzi huo hufanywa mara moja, mwanzoni, na hauna njia nafuu ya kurudi nyuma.

2011: bili ya miradi iliyokufa

Ofisi ya Ukaguzi ya Taifa iliweka hesabu hadharani. TRACER, gari la upelelezi lililobuniwa pamoja na Wamarekani kisha likaachwa: milioni 131. Ushiriki katika Boxer uliokatishwa mwaka 2003: milioni 57. Sehemu ya magurudumu ya FRES: milioni 133. Jumla milioni 321, na hakuna gari hata moja lililofika kwa askari kutokana na fedha hizo. Boxer lenyewe lilirudi kuagizwa Novemba 2019, magari 523.

3 Septemba 2014: mkataba mkubwa

Magari 589. Bei iliyotangazwa: bilioni 3.5 bila kodi. Ukijumlisha kodi na matengenezo ya mwanzo, mkataba wa bei maalumu unasimama kwenye bilioni 5.522. Hesabu yetu: milioni 9.4 kwa kila gari, vipuri na huduma za mwanzo zikiwemo.

Mgawanyo: Ajax lenyewe, lenye mzinga, 245. Ares la kubeba watu 93. Athena la makamanda 112. Argus la wahandisi wa upelelezi 51. Apollo la kukarabati 50. Atlas la kuvuta magari yaliyokwama 38. Bodi za familia moja kwa kazi sita ni uamuzi tunaouunga mkono: injini moja, mnyororo mmoja, fundi mmoja anajua yote. Lakini una bei yake. Ubovu ukiwa kwenye mfumo wa chini, hauna gari la akiba. Sita zote zinalala siku moja.

Mambo mawili kwenye mkataba huu yalikuja kuuma.

La kwanza ni masharti. Jeshi liliandika masharti yapatayo 1,200, mengi kuliko ya magari mengine ya deraya. Kila sharti peke yake lina sababu: kamera hapa, kizuizi cha bomu la redio pale, kisanduku cha betri, mabano ya antena. Hesabu yetu, kwa mfano tu: kila sharti likileta wastani wa kilo 5, umeongeza tani 6. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hapa ni rodi ya springi. Tiba ni daftari la uzito lenye mwenye nalo mmoja, asiyekuwa mwanajeshi wala muuzaji, mwenye mamlaka ya kusema "leta kilo nyingine uondoe kwanza".

La pili ni ratiba. Hatua ya maonyesho na hatua ya uzalishaji zilipishana. Bodi zilianza kuchomelewa Hispania wakati magari ya mfano bado yanajaribiwa. Kwenye meza ya fedha kupishana huko huonekana kuokoa miaka miwili. Karakanani kunamaanisha kwamba kasoro ikigunduliwa, tayari iko ndani ya mamia ya bodi.

2015: mzinga, jina, kiwanda

Julai 2015 ziliagizwa mizinga 515 ya CT40, kwa milioni 150, kutoka ubia wa BAE Systems na Nexter ya Ufaransa. Idadi hiyo ilikuwa ya Ajax pamoja na mradi wa kuboresha Warrior, gari la kubeba askari wa miguu. Mradi wa Warrior ulifutwa Machi 2021, kwa hiyo sehemu kubwa ya mizinga hiyo ikabaki haina gari la kufungwa. Anayeagiza kipuri kimoja kwa miradi miwili aweke kipengele cha kupunguza idadi.

Mzinga wenyewe ni kazi nzuri. Risasi za kawaida zina kichwa kilichochomoza mbele ya ganda, kama penseli kwenye kifuniko. Za CT40 zimezama zote ndani ya ganda lenye umbo la kopo, kwa hiyo zinapangika kama makopo kabatini, na kichwa cha milimita 40 kinakaa kwenye nafasi ndogo. Chumba cha kufyatulia kinazunguka nyuzi 90 kupokea risasi kutoka ubavuni kisha kinarudi kulingana na mtutu, hivyo nyuma ya mzinga hakuna mkono unaokwenda na kurudi ndani ya tareti, kile kibanda cha mzinga kinachozunguka juu ya gari. Nafasi iliyookolewa inawafaa kamanda na mpiga mzinga.

Septemba gari lilipewa jina Ajax. Tareti zilipewa Lockheed Martin UK, Ampthill. Magari 100 ya kwanza yalipangwa kuunganishwa Hispania, yaliyobaki Merthyr Tydfil, Wales, ndani ya kiwanda kilichowahi kutengeneza mashine za kunyanyulia mizigo. Nyaya na kompyuta zilifuata kiwango cha Def Stan 23-09 cha Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, ili skrini au redio ya kampuni yoyote iweze kuchomekwa. Sehemu hii ilikwenda vizuri, na ni ya kunakili kama ilivyo.

2017 hadi 2019: magari yanatoka, kipimo hakijaisha

Gari la kwanza lilipangwa kuwa kazini 2017. Haikuwa. Tarehe ikasogezwa hadi Julai 2020, kisha Juni 2021, na mkataba ukapangwa upya kati ya 2018 na 2019. Magari ya Ares yalianza kufika kwa askari 2019 kwa mafunzo.

Mwaka 2021 iliripotiwa kwamba baadhi ya bodi za mwanzo hazikuwa na vipimo sawa na nyingine, mbavu zake zisiwe sambamba. Tunaeleza kwa nini hilo ni zaidi ya sura mbaya. Mabano ya mikono ya magurudumu hutobolewa kwenye mbavu mbili. Mbavu zisipokuwa sambamba, magurudumu saba hayasimami kwenye mstari mmoja, mnyororo unavutwa pembeni, na meno ya kuongoza yanaanza kusugua mpira wa gurudumu. Ukiona mpira unalika upande mmoja baada ya kilomita mia chache, usibadilishe mpira, pima bodi. Uchomeleaji wa sahani nene huvuta chuma kinapopoa, kwa hiyo bodi ifungwe kwenye jigi, fremu ya kuishikilia isipinde, hadi ipoe kabisa, na matundu yatobolewe baada ya kuchomelea, kwa mashine moja, kwa mpangilio mmoja. Kila bodi iwe na karatasi yake ya vipimo inayosafiri nayo hadi kiwandani cha kuunganishia. Bodi bila karatasi isipokelewe.

Novemba 2020 hadi Machi 2021: kusimama kwa mara ya kwanza

Majaribio yalisimamishwa Novemba 2020 baada ya askari kulalamikia kelele na mtetemo. Desemba malipo kwa mtengenezaji yakasitishwa. Machi 2021 majaribio yakarudi kwa masharti: muda mfupi ndani ya gari, mwendo wa chini, vizibo vya masikio na vifuniko juu yake.

Dawa hiyo ilikuwa ya kufunika jeraha. Vizibo na vifuniko vya masikio hukata vizuri kelele za juu, lakini ngurumo nzito za chini, zile ambazo minyororo na sahani za sakafu hutoa, hupenya. Tena aliyeziba masikio mara mbili hasikii redio vizuri, anaongeza sauti ya spika, na sikio linapokea kelele ya pili kutoka kwenye kifaa kilichowekwa kumlinda. Anayepima apime ndani ya kifuniko, karibu na tundu la sikio, redio ikiwa imewashwa na watu wakizungumza. Kipimo cha hewa ya ndani ya gari peke yake hakitoshi.

Juni 2021: kusimama kwa mara ya pili

Tathmini ya ndani ya serikali ilivuja. Gari lilikuwa limewekewa mipaka: mwendo usiozidi maili 20 kwa saa, sawa na kilomita 32, muda usiozidi dakika 105 ndani ya gari, lisirudi nyuma juu ya kizuizi kinachozidi sentimita 20, na halikuruhusiwa kupiga mzinga likitembea. Askari waliripotiwa kuvimba viungo na masikio kuvuma.

Mpaka wa kurudi nyuma ndio unaotuuma zaidi kama wajenzi. Gari la upelelezi huchungulia, huonwa, kisha hurudi kinyumenyume kwa kasi likiwa limemwelekezea adui deraya yake nene. Ukilizuia kupanda tuta la sentimita 20 kinyumenyume, umeliondolea kazi liliyozaliwa kuifanya.

Juni hiyo majaribio yalisimama tena, na vipimo huru vikafanyika Millbrook, uwanja wa kujaribia magari. Hapa tunaweka kazi ya kupima kwa urefu, kwa sababu ndiyo iliyopaswa kufanywa 2012 juu ya gari la kwanza la mfano, kwa gharama isiyofika hata sehemu ya mia ya mkataba.

Mipaka ya kisheria Uingereza inatoka kanuni za mwaka 2005. Mtetemo wa mwili mzima: kwa saa 8, hatua zichukuliwe kuanzia 0.5 m/s², na kikomo ni 1.15. Mtetemo wa mikono: 2.5 na 5. Kelele: hatua kuanzia desibeli 80 na 85, kikomo 87 sikioni. Kipimo cha saa 8 hupatikana kwa kuzidisha mtetemo uliopimwa kwa kipeuo cha pili cha muda uliogawanywa kwa 8. Hesabu yetu: dakika 105 ni saa 1.75, ukigawanya kwa 8 na kutafuta kipeuo cha pili unapata 0.47. Anayekaa dakika 105 anafika 0.5 iwapo kiti kinatetemeka 1.07, na mikono yake inafika kikomo cha 5 iwapo usukani unatetemeka 10.7. Kwa kelele, kila desibeli 3 zikiongezeka muda unagawanywa kwa mbili: desibeli 85 saa 8, desibeli 100 dakika 15 tu. Kwa hesabu hii fupi mtu yeyote anaweza kuona dakika zinavyoisha.

Vifaa: pedi ya mpira yenye sensa ya mihimili mitatu inayokaliwa juu ya kiti, sensa ya pili kwenye sakafu chini ya kiti kilekile, ya tatu kwenye kishikio cha mkono, maikrofoni ndogo ndani ya kifuniko cha sikio. Seti hiyo iwekwe kwa dereva, mpiga mzinga na kamanda kwa wakati mmoja. Mihimili ya mbele-nyuma na kushoto-kulia huzidishwa kwa 1.4 kabla ya kulinganisha na wa juu-chini, kisha unachukua ulio mkubwa. Kusahau hiyo 1.4 ni kosa la kawaida sana.

Mpangilio: mwendo kutoka kilomita 5 hadi 70 kwa saa kwa ngazi za 5, yaani ngazi 14. Njia tatu: lami, changarawe, pori. Uzito mara mbili: wa sasa na wa juu kabisa unaotarajiwa. Ni mizunguko 84. Rudia mara tatu, 252. Wiki nne za kazi ukiwa na njia kavu. Kisha rudia sehemu yake ukiwa na minyororo iliyolika na mvutano uliolegea, kwa sababu askari hawaendeshi minyororo mipya siku zote.

Ngazi za mwendo hazirukwi, na sababu iko kwenye sproketi. Mnyororo ni pingili zilizounganishwa kwa pini zenye bushi za mpira. Jino la sproketi linapoikamata pingili, pingili iliyonyooka inalazimishwa kufuata duara, na hapo kuna pigo dogo. Hesabu yetu, tukichukua pingili ya sentimita 15: kwenye kilomita 32 kwa saa unapata mapigo 59 kwa sekunde, kwenye 70, mapigo 130. Sakafu, kiti, usukani na sahani ya ubavu kila kimoja kina mlio wake wa asili, kama ngozi ya ngoma. Mapigo yakilingana na mlio huo, kitu kinalia na kutetemeka mara nyingi zaidi ya ilivyo kilomita tano juu au chini yake. Ukipima 20, 40 na 60 tu, unaweza kupita katikati ya ubovu bila kuuona.

Grafu ya sakafu ikilinganishwa na ya kiti inakuambia uanzie wapi kutibu. Sakafu tulivu, kiti kinatetemeka: badilisha kiti, ukifunge kwenye paa au ubavuni badala ya sakafuni, jambo linalosaidia pia bomu likilipuka chini. Sakafu inatetemeka kwa mapigo ya pingili: nenda kwenye mnyororo, bushi na mvutano. Norway walifunga minyororo ya mpira kwenye CV90 zao Afghanistan. Haina pini wala pingili za chuma, na wepesi wake husikika mara moja. Ila ikikatika porini haiungwi kwa nyundo kama ya chuma, na uzito wa gari una kikomo chake. Sakafu inatetemeka kwa mzunguko wa injini gari likiwa limesimama: ni maunti za injini, anza hapo kesho asubuhi, ndiyo rahisi kuliko zote. Kishikio pekee kinatetemeka: kifunge kwenye bushi laini au kihamishe.

Usianze na kiti kwa kuwa ni cha bei nafuu. Mtetemo unaobaki kwenye bodi unalegeza nati, unapasua mabano ya kompyuta na kutikisa darubini za mzinga. Mtu ndiye anayelalamika kwanza tu.

15 Desemba 2021: ripoti ya afya

Ripoti ya David King, mkurugenzi wa afya na usalama wizarani, ilitoka ikiwa na mapendekezo 20. Watu 310 walitambuliwa kuwa walikabiliwa na kelele na mtetemo. 17 walikuwa bado chini ya madaktari bingwa. Ripoti inasema wazi kwamba maonyo yalitolewa mapema na hayakufuatiliwa, na kwamba ilichukuliwa kimyakimya kuwa askari anapaswa kuvumilia.

Jambo hili tunaliona zito kuliko kasoro yoyote ya chuma. Askari mwenye miaka 20 aliyepoteza usikivu wake kwenye uwanja wa mafunzo, kwao, wakati wa amani, hakupotezewa na adui. Kwenye daftari la mradi kuwe na ukurasa wa malalamiko ya wanaoendesha, kila lalamiko na tarehe, jina la aliyepewa kulichunguza, na siku ya jibu. Lalamiko lisifungwe na mtu wa ratiba.

Machi 2022: hesabu ya wakaguzi

Hadi Desemba 2021 zilikuwa zimelipwa bilioni 3.2, na magari yaliyopokelewa yalikuwa 26. Mipaka ya matumizi: 27, kati yake 22 ya usalama, na 11 ya lazima kuondolewa kabla gari halijatangazwa kuwa tayari. Haifai kugawanya bilioni 3.2 kwa 26, maana mamia ya bodi zilikuwa zimeshatengenezwa. Lakini inaonyesha mkataba uliolipa kwa hatua za kiwandani badala ya gari lililokubaliwa na wanaolipanda.

Oktoba 2022 hadi Machi 2023: kurudi njiani

Majaribio ya uthibitisho ya watumiaji yalianza Oktoba. Yakafuatiwa na majaribio ya kukuza uimara, ambayo ni kazi ya kuchosha na ya lazima: endesha, kivunjike, andika, badilisha muundo, endesha tena. Machi 2023 malipo yalifunguliwa kwa milioni 480. Ratiba mpya: utayari wa awali kati ya Julai na Desemba 2025, utayari kamili kati ya Oktoba 2028 na Septemba 2029.

15 Juni 2023

Ripoti ya wakili Clive Sheldon KC ilitoka na mapendekezo 24. Kiini chake kwa wajenzi: taarifa mbaya hazikuwa zikipanda ngazi. Waliojua kiti kinavyotetemeka hawakuwa chumba kimoja na waliosaini hundi, na baina yao kila ngazi ililainisha maneno kidogo. Takwimu ghafi za sensa ziwekwe mahali ambapo kiongozi wa juu anaweza kuzifungua mwenyewe.

Novemba 2025: tayari, kisha kusimama

Mwanzoni mwa mwezi utayari wa awali ulitangazwa. Tarehe 22 Novemba, kwenye zoezi la Titan Storm, uwanda wa Salisbury, askari wapatao 30 walijitokeza na dalili za kelele na mtetemo. Matumizi ya mafunzo yalisimamishwa na uchunguzi kuanza.

Kazi iliyo mezani kwa yeyote anayefuatilia ni kutenganisha magari yaliyopandwa siku ile. Kwa kila gari: namba ya bodi na karatasi yake ya vipimo, kilomita ilizotembea minyororo, mvutano wa mnyororo asubuhi ya zoezi, umri wa bushi, aina ya kifuniko cha masikio, na dakika alizokaa kila mtu. Kama wagonjwa wametoka kwenye magari machache, tafuta matengenezo na bodi. Kama wametapakaa sawasawa, majaribio hayakuendeshwa kwa saa na kwa ardhi ambazo askari hutumia kwenye zoezi halisi, na ile mizunguko 252 inapaswa kuanza upya, safari hii kwa zamu ya siku nzima porini.